Mwalimu Sontonga na Daftari Lililopotea

Kila mmoja wetu amewahi kusimama wima pahala fulani, mikono pembeni, akauimba au akausikiliza wimbo wa Taifa la Tanzania, "Mungu Ibariki Afrika". Lakini ukimwuliza mtu ni nani aliyeyatunga mahadhi yale, mara nyingi atatazama juu kama mchumaji anayetafuta kishada kilichobaki kileleni, kisha atasema, "Labda ni Serikali."

Si Serikali. Mahadhi yale yalitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa skuli ya misheni katika Afrika ya Kusini, jina lake Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa watoto, mpenzi wa kuimba, na alikufa akiwa na umri wa miaka 32 tu. Leo mahadhi yake yamo katika nyimbo za taifa za nchi tatu: Tanzania, Zambia na Afrika ya Kusini. Hapana mtungaji mwengine wa Afrika ambaye sauti yake husimamisha watu wengi namna hiyo.

Khabari za maisha yake zilizobaki ni chache. Lakini hizo chache zina funzo kwa mtu yeyote mwenye kitu cha kuwaachia watoto wake, na kwa hivyo tumeona yafaa wanachama wazijue.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Wanachama wanaijua khabari ya kimbunga kikubwa cha mwezi wa Aprili, 1872, kilichoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Basi Sontonga alizaliwa mwaka mmoja hivi baada ya kimbunga kile, yaani kwenye mwaka 1873, katika mji wa Uitenhage, upande wa mashariki wa lile lililokuwa Koloni la Cape. Jina lake kamili lilikuwa Enoch Mankayi Sontonga, na watu wake walikuwa Waxhosa.

Alisomea ualimu katika Chuo cha Lovedale. Chuo hiki kilianzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1841, na wengi katika Waafrika wa kwanza wa nchi ile waliokuja kuwa walimu, waandishi na wahubiri walipita mlangoni mwake. Katika vyuo vya namna hii kuimba hakukuwa mchezo wa baada ya kazi. Kulikuwa ni sehemu ya masomo, na mwalimu aliyetoka huko alitazamiwa ajue kuongoza waimbaji kama alivyotazamiwa ajue hesabu.

Alipomaliza alipelekwa kufundisha katika skuli ya misheni ya Wamethodisti pahala panapoitwa Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko alikuwa mwalimu, kiongozi wa kwaya na mhubiri asiye na cheo cha kasisi. Tena alikuwa akipiga picha, kazi ambayo siku zile ilikuwa na watu wachache. Alimwoa Bibi Diana Mgqibisa, na wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

NCHI YA DHAHABU

Ili tufahamu nyimbo za mwalimu huyu, yatupasa kwanza tufahamu alikuwa akiishi wapi.

Dhahabu ilipoonekana mwaka 1886 mji wa Johannesburg ulianza pahala ambapo hapakuwa na mji. Watu wakamiminika. Wanaume waliacha mashamba na ng'ombe wao, wakaacha wake na wazee, wakaenda kushuka mashimoni. Sisi twajua mambo ya msimu: namna wachumaji wanavyokuja kutoka kila upande, kila mtu na kilemba chake na mtwango wake wa maneno, na namna shamba linavyojaa sauti. Lakini wachumaji wetu, karafuu zikisha, hurudi kwao na fedha zao. Wachimbaji wale walikuwa mbali na kwao kwa miezi mingi, wakiishi kwa sheria ambazo hawakuulizwa walipotungiwa, na kazi yenyewe ilikuwa ya hatari.

Watoto waliokuwa mbele ya Mwalimu Sontonga walikuwa ni watoto wa mazingira hayo. Aliwatungia nyimbo za kuimba katika shughuli za skuli, maneno na mahadhi yote yakiwa yake mwenyewe. Waliozijua nyimbo zile walisema kwamba nyingi zilikuwa na huzuni ndani yake, kwa sababu mwalimu alikuwa akiiona dhiki ya watu wake kila siku. Hakuwa na uwezo wa kuiondoa dhiki ile. Aliloweza ni kuitia katika wimbo, na wimbo akautia katika vinywa vya watoto.

NAMNA ALIVYOZIANDIKA

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa skuli kama ile aliwezaje kuandika muziki, na wanafunzi wake waliwezaje kuusoma?

Jawabu ni kwamba hakutumia zile alama za nukta juu ya mistari mitano. Alitumia njia ya herufi iliyokuwa imeenezwa na mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, katika karne ya 19, na kuletwa Afrika na wamisionari. Katika njia hii kila sauti ina jina: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mwandishi huandika herufi ya kwanza ya kila jina, na kati ya herufi hutia nukta na vistari kuonyesha sauti ipi ivutwe na ipi ikatwe. Haihitaji kinanda wala udi wala fidla. Mwalimu mwenye ubao mmoja na kipande cha chaki aweza kulifundisha darasa zima, na yeyote aliyejifunza herufi zile aweza kuimba wimbo ambao hajapata kuusikia.

Kwa njia hii sauti nne huandikwa moja chini ya nyengine: ile nyembamba ya juu, ya pili yake, ya tatu, na nzito ya chini. Mahadhi ya "Mungu Ibariki Afrika" yaliandikwa hivyo hivyo, kwa kwaya ya sauti nne. Ndiyo maana hata leo wimbo ule hukaa sawa ukiimbwa na watu wengi pamoja pasipo ala yoyote. Ulitungwa pahala ambapo ala zilikuwa ni makoo ya watoto.

WIMBO WENYEWE

Mwaka 1897 Sontonga alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo aliouita "Nkosi Sikelel' iAfrika". Maana yake kwa Kixhosa ni kumwomba Mola aibariki Afrika. Ni dua. Hauna vita ndani yake wala haumtaji mfalme. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hakuliombea kabila lake peke yake, wala nchi yake peke yake. Mwalimu aliyekuwa hana hata sauti ya kumchagua anayemtawala aliliombea bara zima. Na mwaka ule sehemu kubwa ya bara hilo ilikuwa imekwisha gawanywa na mataifa ya Ulaya.

Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani mara ya kwanza, katika ibada ya kumsimika mchungaji mmoja Mwafrika wa Kimethodisti. Baada ya hapo kwaya nyengine zikaanza kuuchukua. Lakini mwaka huo huo vilizuka vita vya Waingereza na Makaburu, na nchi haikutulia mpaka 1902.

Tarehe 18 Aprili, 1905, Mwalimu Sontonga akafa. Alikuwa na miaka 32. Wimbo wake ulikuwa bado ni wimbo wa kwaya kati ya nyimbo nyingi za kwaya, na hapana aliyeweza kudhani kwamba siku moja watu wangeusimamia.

DAFTARI

Sasa tumefika penye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike khabari hii.

Sontonga hakutunga wimbo mmoja. Alitunga nyingi, na alikuwa akiziandika kwa mkono wake. Nia yake ilikuwa azipige chapa ziwe kitabu, lakini kifo kilimtangulia. Nyimbo zikabaki nyumbani kwa mjane wake.

Walimu na viongozi wa kwaya waliokuwa wakizipenda nyimbo za marehemu wakawa wanakwenda kwa Bibi Diana kuziomba, nao wakaziimba. Ni nani angewanyima? Waliokuja walikuwa watu wa heshima, walimu kama mumewe alivyokuwa, nao walitaka kulitukuza jina lake. Lakini maandishi yale yalikuwa ni hayo hayo, hayana mwenziwe. Mwisho wake yakapotea. Nyimbo zile nyingi, zenye yale maneno ya huzuni ambayo watu waliyasifu, hazikuonekana tena. Ule mmoja ukabaki kwa kuwa ulikuwa umekwisha kaa katika vinywa vya watu.

Tuyatafakari haya. Hapana mwizi katika kisa hiki, wala moto, wala mafuriko. Daftari halikuharibiwa na adui. Lilipotea mikononi mwa watu waliolipenda.

SAFARI YA WIMBO MMOJA

Ule uliosalia ulikwenda mbali sana. Kwaya ya skuli ya Ohlange, skuli iliyoanzishwa na John Dube huko Natal, iliuimba katika matamasha yake na kuutangaza. Tarehe 8 Januari, 1912, viongozi wa Kiafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama kilichokuja kuitwa African National Congress, wimbo uliimbwa katika mkutano huo. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, aliuimba mjini London ukatiwa katika santuri. Mwaka 1925 chama kikaufanya kuwa wimbo wake rasmi. Na mwaka 1927 mshairi wa Kixhosa Samuel Mqhayi akauongezea beti saba, kwa kuwa Sontonga aliacha ubeti mmoja na kiitikio.

Kutoka hapo ukavuka mipaka. Ulipata maneno ya lugha nyingi, na kila uliposhuka watu waliuona kama ni wa kwao. Tanganyika ilipopata uhuru Disemba 1961 ilikuwa na maneno yake ya Kiswahili kwa mahadhi haya, na baada ya Muungano wa 1964 yakawa ya Tanzania. Zambia nayo iliyachukua mahadhi ilipojitawala mwaka 1964, ikatia maneno yake yenyewe. Zimbabwe iliutumia kuwa wimbo wa taifa kuanzia 1980 mpaka 1994.

Huko kwao ndiko ulikochelewa. Kwa miaka mingi uliimbwa mazishini na mikutanoni na watu waliokuwa hawana haki katika nchi yao. Mwaka 1994 ulikubaliwa kuwa mmoja wa nyimbo mbili za taifa la Afrika ya Kusini, na mwaka 1997 nyimbo zile mbili zikaunganishwa zikawa wimbo mmoja. Mwalimu wao alikuwa amekufa miaka 92.

KABURI LISILOONEKANA

Liko jambo jengine. Taifa lilipotaka kumpa mwalimu heshima yake, kaburi halikujulikana. Watu walijua kwamba alizikwa Johannesburg, lakini waliotafuta jina la Sontonga katika buku la makaburi hawakuliona. Mwishowe, katika miaka ya 1990, ikagunduliwa kwamba mwandishi wa buku alimwandika "Enoch" tu, pasipo jina la ukoo. Alikuwa amelala katika makaburi ya Braamfontein siku zote, na buku lilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni neno moja.

Tarehe 24 Septemba, 1996, ambayo huko ni Siku ya Urithi, kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela akalizindua jiwe la ukumbusho lililowekwa hapo.

FUNZO KWETU

Tunarudi sasa kwenye kile kimbunga cha 1872. Mikarafuu ya Unguja ilianguka kwa wingi, lakini ile ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na kisiwa hicho ndicho kilichokuja kushika nafasi ya kwanza katika zao hili. Lau mikarafuu yote ingekuwa katika kisiwa kimoja, huenda upepo wa siku moja ungalimaliza kazi ya maisha ya watu. Iliokoka kwa kuwa ilikuwa imepandwa pahala pawili.

Wimbo wa Sontonga uliokoka kwa sababu hiyo hiyo: ulikuwa umepandwa katika vinywa vingi. Daftari lake lilikuwa shamba moja tu, na lilipokwenda limekwenda na vyote.

Hapa kwetu tunao mfano mwema. Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, alikuwa mdogo kwa Sontonga kwa miaka michache tu, kwani alizaliwa kwenye mwaka 1880. Naye alikuwa mtoto wa watu wa chini. Lakini mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri mpaka Bombay, sauti zao zikatiwa katika santuri, na santuri zile zikauzwa pwani nzima. Alipokufa mwaka 1950 sauti yake haikufa naye. Tena Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kinasomwa mpaka leo. Siti alipandwa pahala pawili, katika santuri na katika kitabu. Ndiyo maana mjukuu wa leo aweza kumsikia na kumsoma, hali nyimbo nyingi za Mwalimu Sontonga hapana awezaye kuzisikia.

Basi kila mwanachama na atazame nyumbani kwake. Katika vijiji vyetu wamepita walimu wa skuli na walimu wa vyuoni waliokuwa wakipenda kasida, nyimbo na mashairi. Wengine waliziandika katika madaftari ya mistari, kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi, wakayaweka sandukuni pamoja na hati za shamba. Wako wazee wanaozikumbuka nyimbo zilizokuwa zikiimbwa wakati wa kuchambua karafuu usiku, pale makonyo yanapotengwa na watu wamezunguka chungu kwenye jamvi. Vitu hivi havimo katika kitabu chochote. Mzee akiondoka, vimeondoka.

Hatuwaombi wanachama wafanye jambo kubwa. Tunawaomba matatu.

La kwanza, daftari la namna hii likiwapo, linakiliwe. Mtoto wa skuli mwenye hati nzuri aweza kuifanya kazi hiyo katika likizo moja, naye atafaidika. Nakala mbili zisikae nyumba moja: moja ibaki kwa mwenyewe, ya pili iende kwa ndugu wa kijiji chengine. Mvua na mchwa havibishi hodi.

La pili, akija mtu kuazima, hata akiwa mtu wa heshima, azimwe nakala. Ile ya asili isitoke mlangoni. Mkopaji asione kuwa ametiliwa shaka. Wale waliokwenda kwa Bibi Diana nao walikuwa watu wema.

La tatu, jina liandikwe kamili. Sisi sote twajua maudhi ya stakabadhi iliyoandikwa "Juma" pasipo jina la baba, katika mtaa wenye kina Juma kumi. Basi aliyetunga aandikwe yeye na baba yake na kijiji chake, na mwaka kama unajulikana. Taifa zima lilipoteza kaburi kwa ukosefu wa neno moja.

Na haya hayahusu nyimbo peke yake. Hati ya shamba, hesabu ya miti, maandishi ya mirathi, daftari la pishi zilizochumwa na fedha zilizolipwa, vyote vinafuata kanuni hiyo hiyo. Ni wangapi kati yetu ambao ndugu wamegombana juu ya mipaka kwa sababu karatasi ilikuwa moja, na aliyekuwa nayo hakumbuki alimpa nani?

Aupandaye mkarafuu hungoja miaka kabla ya kuchuma, na mara nyingi wachumaji wakubwa ni wajukuu. Mwalimu Sontonga alipanda mwaka 1897, na sisi ndio tunaochuma. Siku nyengine mwanachama atakapousikia wimbo ule ukianza, na alikumbuke jina lake. Na akirudi nyumbani, aufungue ule mkoba wa marehemu baba uliotundikwa ukutani, atazame ndani mna nini.

Mwenye daftari, kasida au wimbo wa zamani wa mashambani, na amwambie katibu wa tawi lake. Asilete kitu chenyewe. Alete nakala.